Deni Lisilolipwa na Ndugu

Baadhi yenu mna watoto wasomao Marekani ambao ni raia wa huko. Mwatuuliza: kijana aliyekwisha kuingia chuo kikuu bila msaada, aweza kusomeshwa na jeshi ili awe ofisa? Twajibu ya kuwa aweza.

Kwa sheria ya mwaka 1916 nchi ile iliweka vyuoni mafunzo ya maofisa wa akiba, na kwa sheria ya mwaka 1964 ikaongeza fedha za kuwasomesha wanafunzi. Jeshi la nchi kavu huwapa fedha hizo hata waliokwisha kuanza masomo, kwa miaka miwili au mitatu iliyobaki. Yapasa mwombaji awe raia, mwenye afya na alama njema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: na ajiandikishe katika mafunzo hayo, aamke alfajiri kwa mazoezi, walimu waione bidii yake. Asiyepokea fedha aweza kujifunza miaka miwili ya kwanza pasipo kujifunga.

Lakini sisi wazazi tuangalie sana. Apokeaye hutia sahihi, naye hudaiwa utumishi wa miaka minane, katika jeshi la kudumu au la akiba. Akivunja ahadi, huenda akatakiwa kuzirudisha fedha. Vita ikitokea, akiitwa hana budi kwenda.

Basi tusimsukume kijana kwa sababu mifuko yetu ni mitupu. Aonje kwanza, apime, ndipo aandike jina lake. Deni la ada hulipwa hata na ndugu. Deni hili hulipwa na mwenyewe.