Tusidharau malewa ya mama wakimbizi

Wajerumani wengi walihamia Marekani baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa kwao. Walienda na mapishi yao. Huko Austin, Texas, August Scholz alifungua nganda mwaka 1866. Scholz Garten ingali inauza bia mpaka leo. Resto ya Mader's, Milwaukee, ilianza 1902. Bia ilipopigwa marufuku, 1920 hadi 1933, iliishi kwa chakula. Mwenye ndugu kule amwambie apite.

Hapa Bunia, mama waliokimbia Djugu wako Kigonze, na sombe wanaijua kuliko wengi wetu. Wanaosema mkimbizi anakuja mikono mitupu wanakosea. Mji uwape nafasi sokoni, na mtaji mdogo wa makaa, sufuria na benchi mbili.