Salamu Ile Ile

Vijana wengine hunung'unika: "Rozari ni maneno yale yale kila jioni, yafaa nini?"

Na tumtazame Fra Angelico, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, aliyefariki Roma mwaka 1455 na kutangazwa Mwenye Heri mwaka 1982. Alichora mara kadhaa jinsi Malaika Gabrieli alivyompasha Maria habari. Katika picha iliyoko Madrid, ya karibu mwaka 1426, mna bustani yenye maua, na Adamu na Eva wakifukuzwa. Baadaye, ukutani mwa chumba kimoja cha watawa wa San Marco, Firenze, bustani haimo, wala Adamu na Eva. Wamo Malaika, Maria aliyepiga magoti, na mtakatifu mmoja akisali kando. Kwa kurudia, alibakiza salamu yenyewe.

Hapa Mashamba, karibu na Kolwezi, jamaa humpokea mchimbaji kila jioni kwa salamu ile ile. Hakuna asemaye imechakaa, maana wote wajua kwamba machimbo hayamrudishi kila mtu. Basi, enyi wazazi, msiiache Rozari nyumbani. Apendaye hachoki kusalimu.