Wauguzi wa Kilombero, tawi ni letu: tulifanyie kazi

Ndugu wauguzi na wakunga wa Bonde la Kilombero, nanyi wananchi tunaowahudumia kuanzia Kidatu hadi Mlimba,

Mtoto akizaliwa bila kulia, mkunga ana dakika moja tu ya kumsaidia apumue. Katika hospitali kubwa ataita na wenzake watakuja. Katika zahanati ya kijijini mara nyingi yuko peke yake, usiku, na wakati wa masika njia ya kwenda Ifakara huenda imejaa maji. Hapo mtoto huokolewa na mikono iliyokwisha kuzoea kushika kifaa cha kumpulizia hewa.

Mazoea hayo hayaji kwa semina moja. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yaliyotolewa katika hospitali 8 za Tanzania: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilituonyesha jambo la kuzingatia. Mafunzo ya siku moja yaliwaongezea wakunga maarifa, ila hayakubadili walivyofanya kazi leba. Mabadiliko yalionekana walipoanza kufanya mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini, wakitumia mdoli.

Nani atayaendesha mazoezi hayo Mngeta, Idete, Lupiro? Mwezeshaji kutoka Dar es Salaam hawezi kuja kila mwezi. Sisi tupo hapa siku zote, na tayari tuna vyama vyetu: Chama cha Wauguzi Tanzania, TANNA, na Chama cha Wakunga Tanzania, TAMA. Uanachama usiishie kwenye kadi na ada. Tawi lipate mikono ya wanachama wake.

Najua swali linaloulizwa mkutano unapoitishwa: posho ipo? Ni swali la haki kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku na ana watoto wa kusomesha. Sisemi pia kwamba kujitolea kwetu kuchukue nafasi ya ajira mpya. Zahanati yenye muuguzi mmoja inahitaji wa pili, na tuendelee kumdai. Lakini tawi lililofika zahanati kwa zahanati linapokwenda halmashauri linajua la kusema: hapa hakuna kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, pale mkunga hajapata likizo. Madai ya namna hiyo ni vigumu kuyapuuza.

Bonde hili limewahi kuona nguvu ya watu wa kawaida wakishika jambo la afya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa vya Zuia Mbu vilienezwa Kilombero na Ulanga. Watafiti wa Ifakara walifanya kazi yao, lakini waliovifikisha kwa akina mama vijijini walikuwa wenye maduka, viongozi wa vijiji na wahudumu wa afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Sayansi ilihitaji wa kuipeleka mlangoni.

Anayejitolea naye hunufaika. Baraza la Uuguzi na Ukunga linatutaka tujiendeleze kitaaluma ili kuhuisha leseni, na hakuna anayelielewa somo kama yule anayelifundisha. Kijana aliyehitimu na bado anasubiri ajira atapata walezi wa kitaaluma na hatasahau alichosomea. Ukiwa katibu au mhazini wa tawi utajifunza kuandika muhtasari, kutunza hesabu za watu na kusema mbele ya wakubwa. Mkono mmoja haulei mwana, wala haulei muuguzi mzuri.

Basi ninaomba haya. Kila mwanachama atoe saa mbili, Jumamosi moja kwa mwezi. Wazoefu wa leba katika hospitali za mjini washirikiane na tawi kupanga zahanati za kufika kwa zamu; tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018 hatusubiri tena kivuko, na Lupiro unakwenda asubuhi ukarudi mchana. Wastaafu, msikae na ujuzi wa miaka thelathini nyumbani, njooni mtufundishe. Waganga wafawidhi, pangeni zamu ili mkunga apate nafasi ya kufanya mazoezi. Serikali za vijiji, tupeni chumba. Nanyi wananchi, jitokezeni kuchangia damu, maana mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua hawezi kusubiri itafutwe.

Tuanze kabla ya masika, barabara zikiwa bado zinapitika. Ikifika Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, tusiishie kwenye maandamano na fulana. Tusimame mbele ya wananchi tutaje zahanati tulizofika, mazoezi tuliyofanya na yale yaliyobaki.

Wiki hii mtafute katibu wa tawi lako umwambie Jumamosi unayoiweza. Kama tawi lako halina katibu, jitolee uwe wewe.