Gesi Haina Kosa: Majibu kwa Hoja Tano za Jikoni Tabora

Kuanzia Isevya hadi Ng'ambo, hapa Tabora, hoja zilezile zinarudiwa dhidi ya jiko la gesi. Mmezisikia. Zinasemwa kwa uhakika, na kwa sababu ya hoja hizo watu wanarudi kwenye mkaa. Zipimeni moja moja, kisha mtoe hukumu.

Hoja ya kwanza: gesi inayofika kwetu imechakachuliwa, ndiyo maana moto ni wa njano na sufuria zinajaa masizi. Dalili ni ya kweli, sababu siyo. Gesi huwaka bluu ikipata hewa ya kutosha. Uji uliomwagika, mafuta ya maandazi na vumbi vikiziba njia za hewa na matundu ya kichomeo, gesi haiungui yote. Hapo masizi huzaliwa, pamoja na kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu na inayoua. Ushahidi uko mezani kwenu: jiko la plati mbili hulishwa na mtungi mmoja. Plati moja ikiwaka bluu na ya pili njano, gesi ileile inakuwaje safi huku na chafu kule?

Hoja ya pili: vumbi la kiangazi la Unyamwezi haliruhusu jiko la gesi kudumu. Vumbi lipo, hasa kati ya Mei na Oktoba mvua zinapokatika. Lakini wanaosema hivyo ndio wanaosema pia kwamba gesi ni safi, kwa hiyo jiko lake halihitaji kuoshwa. Kauli hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Kama vumbi linaharibu jiko, basi jiko lioshwe. Funga mtungi, acha jiko lipoe, nyanyua vichomeo, viloweke katika maji ya moto yenye sabuni, visugue kwa mswaki wa zamani, zibua matundu kwa pini nyembamba, kisha vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Kitundu cha shaba kinachopitisha gesi kisipanuliwe kamwe, maana kitatoa gesi nyingi kuliko jiko linavyoweza kuunguza. Katika kazi hii yote hakuna kipuri cha kuagiza Dar es Salaam.

Hoja ya tatu: majivu na mchanga vilitosha kwa bibi zetu, vitatosha kwa jiko. Majivu hukata mafuta kweli, na sufuria ya bibi iling'aa. Ila sufuria haina matundu. Majivu yakimwagwa juu ya kichomeo huziba palepale unapotaka pazibuke, na mchanga hukwaruza kioo cha jiko. Kitambaa laini na sabuni ya maji vinatosha.

Hoja ya nne: wapagazi wa Kinyamwezi walipika njia nzima, Bagamoyo hadi Ujiji, bila tahadhari zozote, kwa hiyo kiberiti kinatosha kuonyesha kama gesi inavuja. Wapagazi walipika kambini, juu ya mafiga, moshi ukipeperuka. Wewe unapika chumbani, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutanda sakafuni. Njiti ya kiberiti hapo inawasha chumba kizima. Paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio: mapovu yakichomoza, panavuja. Funga mtungi, fungua milango na madirisha. Mpira uliopasuka ubadilishwe, usifungwe utepe.

Hoja ya tano: gesi ikikaribia kwisha, laza mtungi itoke yote. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika. Inayopaswa kutoka ni mvuke wa juu. Ukiulaza, kimiminika huingia kwenye regyuleta na mpira, na moto unaweza kuruka ghafla. Mtungi husimama wima, hadi tone la mwisho.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo haliwezi kufikiwa ikiwa kila kichomeo kilichoziba kinamrudisha mtu kwenye gunia la mkaa, nalo hutoka katika miyombo ileile inayowalisha nyuki wa asali ya Tabora. Kwa hiyo nawaombeni: kabla hamjaihukumu gesi, nyanyueni kichomeo mkikague, mkioshe, kisha muwashe tena.