Chuo cha Hoteli Bila Hoteli?

Mwanza haina uhaba wa sababu za kuwavuta wageni. Hifadhi ya Saanane imo ndani ya jiji, lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti liko kwenye barabara ya Musoma, na Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa waendao Geita na Chato. Hata hivyo, watalii wengi bado huingia Serengeti wakitokea Arusha. Ndiyo maana wazo la chuo kikuu binafsi cha ujasiriamali na usimamizi wa hoteli, tuseme pale Mkuyuni, kwenye njia ya Butimba na Nyegezi, linastahili kupimwa kwa makini.

Pingamizi lake ni zito. Chuo cha Taifa cha Utalii tayari kina kampasi Mwanza, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kiko Malimbe, mwendo mfupi tu kutoka Mkuyuni. Shahada nyingine ya nini, wakati mwenye hoteli anatafuta mpishi na mhudumu wanaoijua kazi?

Kenya ilikuwa na jibu mapema. Chuo cha Utalii cha Kenya kilichoko Nairobi, kilichoanza 1975 kwa msaada wa Uswisi, kina hoteli yake, na kwa miaka mingi kiligharimiwa na tozo ya asilimia 2 iliyokatwa kwenye mahoteli na migahawa. Mwenye hoteli aliyeilipa alikuwa na haki ya kudai wahitimu wanaoiweza kazi. Chuo binafsi hakina tozo. Kinategemea ada ya mzazi, na mzazi huyo hayumo jikoni kuona kama mwanawe anafundishwa au anakaririshwa.

Kwangu, shahada itakuwa na maana ikimfundisha kijana kumiliki biashara: kununua sato kwenye soko la samaki la Mwaloni alfajiri na kujua kila sahani imeingiza faida gani, au kuendesha gesti ya vyumba 10 miezi ambayo wageni ni wachache. Mpango wa biashara ulioandikwa kwa ajili ya mtihani hauwezi kumfundisha hayo. Mtaji nao upo: halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha vijana bila riba, kupitia vikundi. Mhitimu angeweza kutoka chuoni akiwa tayari ana kikundi, hesabu za kweli na wateja.

Tume ya Vyuo Vikuu isikipe ithibati chuo cha namna hiyo kabla hoteli yake haijaanza kupokea wageni wanaolipa.