Meinifremu Haijazikwa
Makala iliyodai kwamba kumfundisha kijana z/OS, mfumo endeshi wa meinifremu za IBM, ni kumfundisha kuchonga mitumbwi katika zama za ndege imechanganya umri na uchakavu. IBM ilitangaza System/360 mwaka 1964, na programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya ukoo huo bado huendeshwa kwenye mashine za leo bila kuandikwa upya. Simu ya juzi tu haiwezi kujisifu hivyo. Mwandishi wa makala hiyo anaucheka mwanzo mgumu wa kujifunza z/OS: skrini nyeusi, herufi za kijani, na JCL, lugha ya kuuelekeza mfumo kazi ya kufanya, ambayo karibu kila mstari wake huanza na mikwaju miwili. Inachosha, sibishi. Lakini humlazimisha mwanafunzi aseme mapema programu ipi iendeshwe, faili zipi zisomwe, na matokeo yaende wapi. Kazi ikikatika kwa kosa la S0C7, anajua pa kuanzia: mahali palipotakiwa tarakimu pameingia kitu kingine.

Ataniuliza, je, wingu si limechukua kazi za meinifremu? Baadhi, ndiyo. Ila kuuhamisha mfumo wa benki kunahitaji mtu anayeweza kuusoma kule unakotoka, na huyo ndiye makala inataka asifundishwe.