Kaburi la Kiongozi ni la Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi baada ya swala ya Alasiri kijana mmoja wa Ngarenaro alinisubiri nje ya msikiti. Alikuwa ametoka Monduli kwenye biashara zake, akasimuliwa huko habari za kaburi la Edward Sokoine, jinsi watu wanavyokusanyika kila Aprili 12 kumkumbuka. Akaniuliza: "Shekhe, Mwalimu amejengewa Butiama. Mzee Karume yuko Kisiwandui. Kwa nini sisi Waislamu tusiiombe serikali imjengee Mzee Mwinyi jengo kubwa la kitaifa kule Mangapwani, ili wageni wakija waone kwamba na sisi tulikuwa na rais?"

Lililoninyima usingizi si hilo jengo. Ni hayo maneno, "na sisi tulikuwa na rais".

Namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kwanza tuelewane. Sokoine alikuwa Mkristo, akafariki kwa ajali mwaka 1984 na kuzikwa kwao Monduli Juu. Lowassa naye amelala Ngarash tangu Februari 2024. Hukumu nitakazozitaja hapa ni zetu sisi. Jirani yako Mkristo akimwekea mzazi wake marumaru hakuvunja sheria ya dini yako, basi usiende kumpigia mdomo msibani kwake.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Nyinyi mnaokaa huku chini ya Mlima Meru, tangu Usa River na Maji ya Chai mpaka Sakina, mnajua kaburi la shambani lina kazi gani. Ndugu wakigombania kihamba, mmoja atasema: "Baba yangu kalala pale, kwenye migomba ile." Hapo wazee wa ukoo wananyamaza. Na mgogoro ukizidi, utaona kaburi lililokaa miaka ishirini na udongo wake tu linapata saruji, linapata vigae, linapata na uzio. Je, mapenzi kwa marehemu yameongezeka ghafla? Hapana. Kaburi limegeuzwa hati ya shamba.

Makaburi ya viongozi ni hivyohivyo, ila shamba lenyewe ni nchi.

Mtazame Mzee Karume, Allah amrehemu. Aliuawa kwa risasi Aprili 7, 1972 palepale Kisiwandui, makao makuu ya Afro-Shirazi. Kaburi lake liko katika eneo la ofisi hiyo, ambayo tangu vyama viungane mwaka 1977 ni ya CCM. Kila Aprili 7 viongozi hukusanyika pale, Qur'ani inasomwa na dua inaombwa. Kumuombea maiti Muislamu ni kheri, sina neno nalo. Neno langu ni mahali. Nchi imerudi kwenye vyama vingi tangu 1992, lakini rais wa kwanza wa Zanzibar bado amelala ndani ya uwanja wa chama kimoja. Mzanzibari wa chama kingine akitaka kwenda kumtolea salamu, mlango wa kaburi ni mlango wa ofisi ya wapinzani wake. Huyo marehemu ni wa nani? Wa Wazanzibari wote, au wa wenye ufunguo wa geti?

Majirani zetu Kenya walimweka Jomo Kenyatta mwaka 1978 katika viwanja vya Bunge, Nairobi, kwenye jengo maalumu linalolindwa na askari. Mwananchi wa kawaida analiona kaburi la baba wa taifa lake kwa mbali.

Na msidhani mjadala huu umeletwa juzi na vijana waliosoma Madina. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, mwanawe Sayyid Majid alianza kumjengea kaburi la fahari Unguja, karibu na kasri. Wenye msimamo mkali miongoni mwa Maibadhi wakapinga kwamba haifai kumjengea maiti hivyo, na ujenzi haukukamilika. Huyo ni mtawala, ana mali, ana askari, na aliyekufa ni baba yake. Sisi leo mafundi wanachanganya zege makaburini mbele ya macho yetu, tunapita kimya.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Alipozikwa Uthman bin Madh'un, aliweka jiwe kichwani pake ili apajue. Jiwe moja, alama basi. Na madhehebu yetu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa Afrika Mashariki tumelelewa nayo, yamefafanua vizuri: kaburi linyanyuliwe kiasi cha shibiri moja lijulikane. Ukijenga juu yake kwenye ardhi yako mwenyewe, ni makuruhu. Ukijenga kwenye makaburi ya umma, Imam Nawawi ameandika katika Minhaj kwamba jengo hilo livunjwe.

Kwa nini la umma livunjwe? Kwa sababu ile ardhi ni ya maiti wote, pamoja na wale ambao hawajafa. Mwili ukishaoza kabisa, wenye ujuzi wa udongo ule wakathibitisha, inaruhusiwa kumzika mwingine palepale. Ukimwaga zege, umemnyang'anya nafasi maskini wa kesho ambaye hatakuwa na pa kuzikwa mjini hapa. Ni dhuluma, hata kama juu yake kumeandikwa aya.

Lakini kisa kinachonitosha mimi ni cha Sayyidna Umar (r.a.). Amechomwa kisu, anajua anakufa. Yeye ndiye mkuu wa dola, neno lake linafika Misri na Iraq. Anatamani kulala karibu na Mtume (s.a.w.) na Abubakar, na chumba kile ni cha Bibi Aisha. Akamtuma mwanawe akaombe ruhusa, akamwambia ataje jina Umar tu, asiseme Amiri wa Waumini, kwa kuwa siku hiyo yeye si amiri tena. Bibi Aisha akakubali. Umar akarudi kuusia: nikishakufa, nibebeni hadi mlangoni muombe tena, akikataa nipelekeni kwenye makaburi ya Waislamu wote.

Aliogopa ile ruhusa ya kwanza ilitolewa kwa cheo. Hakutaka hata kaburi lake liwe amri ya serikali.

Mzee Mwinyi alifariki Februari 29, 2024, akazikwa Machi 2, kisiwani Unguja. Ukitaka wageni wajue kwamba tulikuwa na rais, waeleze kwamba miaka ya sabini akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya mahabusu Shinyanga, vifo ambavyo hakuviamuru yeye. Mawaziri wangapi unawajua waliofanya hivyo? Ukitaka jengo, jenga madrasa au chimba kisima, thawabu zimfikie. Hata Mwalimu, sisi watu wa Arusha hatuhitaji kwenda Butiama ndipo tumkumbuke. Azimio la mwaka 1967 lina makumbusho hapahapa Kaloleni, na Mnara wa Mwenge uko jirani yake, wala hakuna aliyezikwa ndani yake.

Nimesema sana ya wakubwa. Sasa la kwangu.

Baba yangu mzazi amezikwa kwenye makaburi ya Waislamu ya mjini hapa. Mwaka uliofuata ndugu zangu waliamua kumjengea, nami nilitoa fedha za saruji. Hukumu nilikuwa naijua, tena nilikuwa tayari nasomesha. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka ionekane mtoto shekhe ndiye bahili. Ukipita pale utaliona, vigae vyeupe, jina kwa herufi nyeusi, na upande wa kushoto kaburi la mtu nisiyemjua limebanwa na ukingo wetu.

Jumapili iliyopita nilikaa na ndugu zangu nikawaambia tuubomoe. Kaka mkubwa akauliza watu watatuelewaje, watoto wa marehemu wanaokwenda na nyundo kaburini kwa baba yao. Dada yangu alilia. Tumeahidiana kukutana tena Ijumaa baada ya swala. Yule kijana wa Ngarenaro nimemwomba aje, ana mikono yenye nguvu, ikiwa tutakubaliana.

Wabillahi tawfiq.